Jinsi ya Kuupima Mswada Unaoipa Serikali Uwezo wa Kunasa Mawasiliano

Mswada wa usalama unapofikishwa bungeni, mjadala huanza na lengo lake, na wengi huishia hapo hapo. Wanaouunga mkono huuliza kama kuna Mkenya asiyetaka magaidi wakamatwe, na wanaoupinga hujibu kwamba serikali haiaminiki. Hoja hizo mbili hazimsaidii mtu anayetaka kujua kama mswada unafaa, kwa sababu lengo la mswada wa aina hii karibu kila mara ni jema, na kutoiamini serikali si jambo ambalo kamati ya Bunge inaweza kuligeuza kuwa marekebisho ya kifungu. Kinachopimika ni utaratibu. Nani lazima aombwe ruhusa kabla ya simu ya mtu kusikilizwa? Anaonyeshwa nini ndipo akubali? Aliyesikilizwa ataambiwa lini? Na kilichokusanywa kinyume cha sheria kitafanywa nini? Mswada unaojibu maswali hayo kwa maneno yaliyonyooka unaweza kuungwa mkono hata na mtu anayeithamini faragha yake sana, na usioyajibu hauponyeki kwa dibaji nzuri.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia Kenya, ambako Katiba ya 2010 inampa mwananchi vipimo vilivyo wazi na ambako mahakama zimekwisha kuvitumia mara kadhaa. Unawafaa viongozi wa mashirika ya kijamii, wanahabari, wanafunzi wa sheria, na mtu yeyote anayetaka kuandika waraka wa maoni utakaosomwa na kamati badala ya kutupwa katika rundo la malalamiko.

Kupata maandishi yenyewe

Anza na mswada wenyewe, wala si taarifa ya habari kuuhusu. Miswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na kuwekwa katika tovuti ya Bunge. Mwishoni mwake kuna maelezo ya makusudi na sababu, na sehemu hiyo inaweza kusomwa baadaye, kwa kuwa haina nguvu ya sheria na mara nyingi huwa na sauti ya upole kuliko vifungu vyenyewe.

Jihadhari hasa na miswada inayorekebisha sheria nyingi kwa pamoja. Uwezo mkubwa wa ufuatiliaji nchini Kenya haukuja kwa mlango wa mbele. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama ya 2014 ilipitishwa katika kikao chenye vurugu na kutiwa saini tarehe 19 Desemba mwaka huo, wiki chache tu baada ya mashambulizi ya Mandera, na iligusa kwa mpigo mmoja sheria za jinai, ushahidi, wakimbizi, polisi, ujasusi na ugaidi. Miaka minne baadaye, mfumo wa kitaifa wa utambulisho uliokuja kujulikana kwa jina la Huduma Namba uliingizwa katika Sheria ya Usajili wa Watu kupitia sheria ya marekebisho mbalimbali, aina ya sheria ambayo kwa kawaida hutumika kusahihisha makosa madogo madogo. Kwa hiyo chukua sheria inayorekebishwa, iweke kando ya mswada, kisha uandike upya kila kifungu jinsi kitakavyosomeka baada ya marekebisho. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna njia ya mkato. Maneno "futa neno 'mahakama' na uweke neno 'Waziri'" hayamshtui mtu mpaka ayaone ndani ya sentensi kamili.

Kipimo ambacho Katiba imekwisha kukitoa

Ibara ya 31 inalinda faragha kwa mambo manne: mtu, nyumba yake au mali yake visipekuliwe, vitu vyake visitwaliwe, habari za familia yake au mambo yake binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Haki hiyo si miongoni mwa zile ambazo Ibara ya 25 inasema haziwezi kuwekewa mipaka. Haki ya kusikizwa kwa haki mahakamani, kwa upande mwingine, imo katika orodha hiyo ya Ibara ya 25, pamoja na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa afikishwe mbele yake. Tofauti hii ni ya kimsingi na wengi huisahau: serikali inaweza kujadiliana nawe kuhusu faragha, lakini haiwezi kujadiliana nawe kuhusu kesi ya haki. Kwa hiyo kila kifungu cha ufuatiliaji kinachogusa jinsi mshtakiwa atakavyojitetea kikaguliwe kwa ukali zaidi kuliko kinachogusa faragha peke yake.

Ibara ya 24 ndiyo inayosema mipaka iwekwe vipi. Lazima iwekwe na sheria, iwe ya busara na inayoweza kutetewa katika jamii ya kidemokrasia, na izingatie aina ya haki, umuhimu wa lengo, ukubwa wa mipaka yenyewe, na kama kuna njia nyingine isiyobana sana itakayofikia lengo lile lile. Sehemu ya pili ya ibara hiyo inaongeza sharti ambalo ni silaha kubwa mkononi mwa mwenye kuandika maoni: sheria haitachukuliwa kuwa imeiwekea haki mipaka isipokuwa iwe wazi na mahususi kuhusu haki inayobanwa na kiasi cha kubanwa kwake, na haiwezi kuibana hadi kuondoa kiini chake. Sehemu ya tatu inauweka mzigo wa kuthibitisha mabegani mwa anayetaka kubana. Usikubali basi kuulizwa "utaumia vipi kama huna la kuficha?" Katiba inamwelekezea serikali swali kwanza: kwa nini njia hii, na kwa nini njia nyingine nyepesi haitoshi.

Pitia mswada ukiwa na swali hilo la njia nyepesi, na uliulize kifungu kwa kifungu. Ikiwa polisi wanataka kujua mshukiwa alikuwa mji gani usiku wa tukio, je, wanahitaji kumbukumbu za miezi sita za mahali simu yake ilipokuwa? Ikiwa tatizo ni simu bandia sokoni, je, ni lazima kifaa kiunganishwe na mitambo ya kampuni za simu?

Nani anashika mlango

Swali la nani anayetoa ruhusa linastahili muda mrefu kuliko mengine yote, na ni vyema kulielewa kwa kulinganisha vifungu viwili vinavyokaa jirani katika sheria moja. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 kinamtaka afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta Mkuu (Chief Inspector) au zaidi aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kunasa mawasiliano. Kifungu cha 36A, kilichoongezwa na marekebisho ya 2014, kinaviruhusu vyombo vya usalama wa taifa kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa kufuata taratibu zitakazowekwa na Waziri kupitia kanuni zitakazoidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Katika kifungu cha kwanza mlango unashikwa na jaji anayeangalia jambo moja la mtu mmoja. Katika cha pili, utaratibu wote umeachwa uandikwe baadaye na upande ule ule utakaoutumia.

Muungano wa upinzani wa wakati huo, CORD, ulikwenda Mahakama Kuu pamoja na walalamishi wengine, na tarehe 23 Februari 2015 jopo la majaji watano lilibatilisha vifungu vinane vya ile sheria ya marekebisho ya 2014. Kifungu cha 36A hakikuwa kimojawapo. Majaji waliona kwamba ubanaji huo wa faragha ulikuwa na sababu ya kutosha kutokana na tishio la ugaidi. Kwa maoni yangu mahakama ilikuwa karimu mno katika jambo hilo, kwa kuwa taratibu zilizoahidiwa hazikuwepo ili zipimwe, lakini uamuzi huo una funzo la kiutendaji kwa anayeandika maoni leo: usitegemee kwamba mahakama itaondoa kitakachopitishwa. Nafasi nzuri ya kurekebisha lugha ni kabla ya mswada kuwa sheria, wakati neno moja linaweza kubadilishwa na kamati bila mtu yeyote kushtakiwa.

Unaposoma kifungu cha ruhusa, tafuta kwanza kama mtoaji ruhusa ni ofisi ya mahakama. Waziri, Inspekta Jenerali au Mkurugenzi Mkuu wa ujasusi hawezi kuwa hakimu katika ombi la watu wake. Pili, angalia kama ombi linapaswa kuwa kwa maandishi na kwa kiapo, likitaja mtu au laini ya simu, kosa linaloshukiwa, sababu za kushuku, na maelezo ya kwa nini njia za kawaida za upelelezi zimeshindwa au haziwezi kufaulu. Kifungu kinachosema tu "pale inapohitajika kwa usalama wa taifa" hakimpi jaji kitu cha kupima. Tatu, angalia muda. Amri isiyo na tarehe ya mwisho ni ruhusa ya milele, na amri inayoongezwa muda kwa barua ya afisa bila kurudi mahakamani haina tofauti kubwa na hiyo.

Kuna pia suala la dharura, ambalo serikali hulitaja kila mara na si bila sababu. Mtu akitekwa nyara saa nane za usiku, polisi hawawezi kungoja mahakama ifunguliwe. Jibu la haki ni kuruhusu afisa wa cheo cha juu aanze, mradi afike mbele ya jaji katika saa chache zilizotajwa, na jaji akikataa basi kilichonaswa kiharibiwe na kisitumike. Anayependekeza hivyo huonekana mtu wa kujenga, na kamati humsikiliza kuliko yule anayekataa dharura kabisa.

Tatizo lililobaki ni kwamba hata jaji mwaminifu husikiliza upande mmoja tu, kwa sababu mshukiwa hawezi kuitwa kujitetea dhidi ya kunaswa ambako hapaswi kukujua. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ililikabili jambo hili ana kwa ana katika kesi ya amaBhungane, iliyoamuliwa tarehe 4 Februari 2021. Mwanahabari Sam Sole alikuja kujua kwamba alikuwa akisikilizwa pale nakala za mazungumzo yake na mwendesha mashtaka zilipojitokeza katika hati za kesi nyingine. Mahakama ilisema kwamba sheria ya nchi hiyo ya 2002 ya kunasa mawasiliano ilikuwa na kasoro kwa kuwa haikuhakikisha uhuru wa jaji anayeteuliwa kutoa ruhusa, haikuweka kinga ya kufidia usikilizaji wa upande mmoja, haikumtaka mtu aliyenaswa aarifiwe baadaye, haikueleza jinsi taarifa zilizonaswa zitakavyotunzwa na kuharibiwa, na haikuwalinda vya kutosha mawakili na wanahabari. Orodha hiyo ya kasoro tano inaweza kugeuzwa kuwa orodha ya maswali kwa mswada wowote wa Afrika Mashariki. Kwa suala la upande mmoja, pendekeza awepo wakili maalumu, aliyeapishwa kutunza siri, ambaye kazi yake ni kuhoji ombi la polisi mbele ya jaji kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.

Kinachokusanywa

Miswada mingi hutofautisha maudhui ya mazungumzo na kumbukumbu za mazungumzo, yaani nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, na simu ilikuwa karibu na mnara upi. Aghalabu maudhui huwekewa ulinzi mkubwa na kumbukumbu hulegezewa, kana kwamba hazina siri. Mtu anayempigia daktari wa saratani mara tatu kwa wiki, kisha wakili, kisha ofisi ya bima, amekwisha kusimulia habari zake bila neno lake hata moja kusikika. Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali ukweli huo katika kesi ya Carpenter mwaka wa 2018, ambapo polisi walikuwa wamepata kumbukumbu za siku 127 za mahali simu ya mshukiwa ilipokuwa bila waranti ya kawaida. Mahakama ilisema kwamba kumbukumbu za aina hiyo kwa jumla zinahitaji waranti, hata kama zinatunzwa na kampuni ya simu na si mwenye simu. Pendekeza kwamba kumbukumbu zinazoonyesha mienendo ya mtu kwa muda mrefu zipewe mlinzi yule yule wa mlangoni kama maudhui.

Kagua pia kama mswada unawalenga watu au unalenga kila mtu. Kunasa laini ya mshukiwa mmoja kunaweza kupimwa na jaji, lakini mtambo unaochukua taarifa za wateja wote wa mtandao fulani hauna jaji wa kuuliza swali la "kwa nini huyu". Katika suala la Huduma Namba, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua tarehe 30 Januari 2020 kwamba ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali hasa pa makazi ya mtu ulikuwa kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo uliobaki ungeweza kuendelea kwa sharti la kuwepo kwa kanuni kamili za kuulinda. Kumbuka sura ya uamuzi huo: haukuufuta mfumo wala kuuruhusu kama ulivyokuwa, bali uliupunguza na kuudai uzio. Maoni yako pia yanaweza kuwa na sura hiyo.

Baada ya kunaswa

Sehemu hii ndiyo miswada huiacha tupu mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Mtu ambaye hajui kwamba alisikilizwa hawezi kulalamika mahali popote, hivyo haki zote nyingine alizoandikiwa zinabaki karatasini. Katika kesi ya amaBhungane, mahakama iliweka kwa muda sharti kwamba mhusika aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya amri kumalizika, na kwamba jaji anaweza kuahirisha taarifa hiyo ikiwa itaharibu upelelezi unaoendelea. Huo ni mpango unaoweza kunakiliwa. Anayesema kwamba kuarifu kutawaamsha magaidi ajibiwe kwamba kuahirisha kunaruhusiwa, ila aamue jaji na si afisa.

Uliza kilichokusanywa kinakaa wapi, nani anakifungua, na kinafutwa lini. Kwa sheria ya Kenya kuna msaada hapa ambao hautumiki vya kutosha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 51, inaisamehe shughuli ya lazima kwa usalama wa taifa, lakini kifungu hicho hicho kinaanza kwa kusema kwamba msamaha huo hauondoi wajibu wa kuchakata data kihalali, kukusanya kiasi kinachohitajika tu, kuhakikisha usahihi, na kuitunza salama. Basi wakati afisa anaposema kwamba usalama wa taifa uko nje ya sheria hiyo, msomee mstari wa kwanza. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinadai pia tathmini ya athari ifanywe kabla ya kuanza shughuli yenye hatari kubwa kwa haki za watu, na si kifungu cha mapambo: tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikufanywa.

Kinachoingia mahakamani

Ibara ya 50 inasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utakataliwa ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaathiri utoaji haki. Mswada unaosema kwamba mawasiliano yaliyonaswa "yatapokelewa" kama ushahidi, bila kuongeza "mradi yalipatikana kwa kufuata sheria hii", unajaribu kuizunguka ibara hiyo. Dai maneno hayo yaongezwe.

Kisha tazama kama mshtakiwa ataonyeshwa ushahidi mapema. Miongoni mwa vifungu vilivyobatilishwa na majaji wa kesi ya CORD ni kile kilichowaruhusu waendesha mashtaka kuzuia baadhi ya ushahidi mpaka karibu na kusikizwa kwa kesi, kinyume cha haki ya mshtakiwa ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Hapa mahakama haikusitasita kama ilivyofanya kwenye faragha, na sababu ni ile niliyoitaja juu: kesi ya haki haina mjadala. Unapokuwa na nguvu chache na muda mfupi, zielekeze huku.

Kuandika waraka wa maoni

Ibara ya 118 inalitaka Bunge lirahisishe ushiriki wa wananchi katika kazi zake. Kamati hutangaza siku ya mwisho ya kupokea maoni magazetini na katika tovuti ya Bunge, na maoni huelekezwa kwa Karani. Muda huo huwa mfupi, kwa hiyo kazi ya kulinganisha vifungu ifanywe kabla ya tangazo, mara mswada unapochapishwa.

Andika kwa safu: nambari ya kifungu, maneno yaliyomo, tatizo lake, maneno unayopendekeza, na sababu. Safu ya maneno yanayopendekezwa ndiyo inayotofautisha waraka unaotumika na ule unaohifadhiwa tu, kwa kuwa mwandishi wa sheria wa Bunge anaweza kuyachukua kama yalivyo. Badala ya kulalamika kwamba kifungu kinahatarisha faragha, andika kwa mfano: "Hakuna afisa atakayenasa mawasiliano ya mtu yeyote isipokuwa kwa amri ya maandishi ya Mahakama Kuu, iliyotolewa baada ya jaji kuridhika kwamba kuna sababu za msingi za kushuku kosa zito na kwamba njia nyingine za upelelezi haziwezi kutosha, na amri hiyo itataja mtu au laini inayohusika na tarehe ya kumalizika kwake." Sentensi hiyo ni ndefu, lakini kila kipande chake kina kazi.

Usiandike waraka wa kurasa arubaini. Chagua vifungu vichache vyenye madhara makubwa, uvichambue kwa kina, na uvikubali waziwazi vile visivyo na tatizo. Wajumbe hugundua upesi anayepinga kila kitu. Ukipata nafasi ya kufika mbele ya kamati, peleka mtu anayeweza kueleza madhara kwa mifano ya wilayani na mitaani: fundi wa simu, mwenye kibanda cha huduma za pesa, mzazi wa kijana aliyewahi kukamatwa kimakosa Majengo au Eastleigh, pamoja na wakili wenu.

Jambo la wakati lina uzito wake. Mwanzoni mwa 2017 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni za simu kuhusu mfumo wa kutambua vifaa bandia, na kukatokea hofu kwamba mfumo huo ungeweza kufikia kumbukumbu za wateja. Mahakama Kuu iliuzuia mwaka wa 2018, lakini mwaka wa 2020 Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, ikiona kwamba kesi ilikuja mapema kwa kuwa mfumo ulikuwa bado unajadiliwa, na ikaelekeza mashauriano yaendelee. Ukichelewa, mfumo umekwisha kujengwa, na ukiwahi mno bila maelezo ya kiufundi, mahakama inakurudisha mezani. Ndiyo maana kumbukumbu zako za mashauriano ni mali: barua, mihtasari ya vikao, michoro ya mfumo, na majibu au ukimya wa ofisi husika, vyote vikiwa na tarehe.

Ikiwa sheria imekwisha kupitishwa

Njia zipo, ingawa ni za kupanda mlima. Ibara ya 22 inamruhusu mtu afungue kesi ya kutetea haki kwa niaba yake, ya kundi au ya umma, na inasema kwamba hakuna ada ya kuifungua. Anayetaka takwimu kwanza anaweza kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inampa mtumishi wa umma siku 21 za kujibu. Omba idadi ya maombi ya kunasa yaliyopelekwa mahakamani kwa mwaka, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa, badala ya kuomba majina au maudhui, kwa sababu idadi ni vigumu kuinyima kwa hoja ya usalama. Ofisi ikikataa, Tume ya Haki ya Utawala inaweza kuukagua uamuzi huo. Malalamiko kuhusu data binafsi hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na yale ya mwenendo wa polisi, kama kutwaliwa kwa simu bila waranti, kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Msomaji aliye Tanzania anaweza kutumia maswali haya haya akianzia Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977, inayolinda faragha ya mtu na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uganda ina sheria yake ya kunasa mawasiliano ya 2010, inayotaka waranti ya jaji aliyeteuliwa, kwa hiyo huko kazi kubwa iko kwenye maswali ya baadaye: kuarifiwa, kuharibiwa kwa taarifa, na uhuru wa jaji huyo.

Mwisho, fuatilia kanuni. Kifungu kama 36A huacha utaratibu wote kwa Waziri, na kanuni huja kimya kimya wakati magazeti yamekwisha kuhamia habari nyingine. Kwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013, kanuni lazima ziwasilishwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na zisipowasilishwa hupoteza nguvu. Weka mtu wa kulisoma Gazeti Rasmi kila wiki, na kanuni zikichapishwa ahesabu siku hizo saba za vikao, kisha aiandikie kamati inayoshughulikia sheria ndogo akiuliza kama zimewasilishwa na lini itakaa kuzijadili.